Kidole Gumba

Kidole kile ni changu.
Tazama pale, chini ya kisigino cha kiatu:
kovu la kisu cha kuparia magamba,
mwaka wa pili wa kazi, Obunga, mvua ikinyesha.
Picha niliipiga mwenyewe
juu ya pipa lililofunikwa gunia,
saa mbili asubuhi, jua likiwa bado na huruma,
na sasa inaning'inia katika duka lisilo na mlango,
nyota nne na nusu,
bei ya zamani imekatwa kwa mstari mwekundu.

Mwenye duka simjui. Jina la kiatu nalijua:
RISPA.
Ni la mama.

Mama aliuza mgongo wazi,
mifupa ya mbuta iliyobaki
minofu ikishapanda ndege,
kichwa na uti, mafuta yakitoa povu karaini.
Ngozi hakuna aliyeitaka. Korongo waliigombania jaani.
Mimi niliiokota.
Niliiloweka, nikaikwangua, nikaikanyaga pipani kwa miguu
hadi majirani wakanishtaki kwa chifu:
harufu, walisema, harufu.
Miaka minane
kabla kiatu cha kwanza hakijamaliza masika bila kufumuka.
Fundi wa Kibuye akanichongea muhuri wa chuma,
herufi tano na samaki asiye na jicho
(jicho lilimshinda; akaomba radhi, akapunguza mia).
Nikajaza fomu, nikalipa ada,
nikasubiri siku sitini aje wa kupinga.
Hakuja mtu. Nani angepinga
jina la mchuuzi wa mifupa?

Alhamisi moja akaja mwalimu Khaveza, kutoka Chavakali,
viatu kwenye mfuko,
hasira ameipanga kama madaftari ya kusahihisha.
"Peresi, wiki mbili tu!"
Nikakipindua cha kulia.
Magamba yamechapwa kwa mashine, yote saizi moja,
wakati ya mbuta hupungua, hupungua, yakielekea mkiani.
Gundi ilinuka dawa ya mbu.
Na muhuri, jamani, muhuri:
samaki wao ana jicho.
Walinisahihisha.

Nikawaandikia wenye soko.
Jibu lilifika upesi, lina adabu ya mtu asiyekuwepo:
tuma cheti, tuma picha za bidhaa halali.
Nikatuma. Wakasema picha hizi
tayari ni za muuzaji mwingine.
Nikapiga picha ya kidole peke yake.
Nikapiga picha ya kidole
kando ya picha ya kidole.
Siku ya kumi na moja wakalifunga duka.
Nikampigia mwalimu simu, nikacheka
kama aliyeshinda kesi ya shamba.

Jumatatu likafunguliwa lingine: RISPAA.
A moja zaidi, kama mtu anayemwita mama
kutoka ng'ambo ya barabara.
Nyota tano.

Siku ile ya kwanza mwalimu hakutaka kesi.
Alitaka kushonewa tu,
mshahara ulikuwa umeshagawanywa.
Nilimshonea cha kulia kwa uzi wa mshipi, bure.
Cha kushoto nikamwomba aniachie, kielelezo.
Akanyamaza, akikipima mkononi.
"Basi huu wa kulia upige muhuri,
kwa kuwa sasa umeushona wewe."
Chuma kilikuwa motoni tayari.
Mate yalinikauka.
Nilivua ndara zangu nikampa,
akashuka nazo hadi stendi,
kiatu kimoja kwapani, hakina jina la mtu.

Usiku huu nimelala nao mezani, muhuri na msumari.
Ncha naiweka pale jicho lingekaa,
nyundo naishika.
Wangelinunua jicho hilo pia, kwa picha moja.
Msumari nimeurudisha koponi.

Kesho kuna ngozi sabini za kukanyaga,
na mtoto wa jirani ameshafunga dirisha.