Valvu

Mimi ni fundi wa baiskeli, Kondele, ubavuni mwa kinu cha posho.
Valvu nazijua. Unatia mate kidoleni, unagusa:
povu likitokeza, inavuja.
Kwa hiyo daktari alipochora moyo nyuma ya risiti
akasema, "Kilango hiki hakifungi, damu inarudi ilikotoka,"
nilimwelewa upesi kuliko nilivyotaka.

Apondi alikuwa akilala ameketi, mgongo kwenye magunia mawili.
Akijinyoosha tu, anazama pakavu.

Wakamuuliza: utotoni, kule Ahero, uliwahi kuumwa koo?
Akacheka kwa pumzi aliyokuwa nayo.
Nani hakuumwa koo?
Nilipewa ndimu na chumvi, nikarudi kuwinga ndege mpungani.
Kisha magoti yakawaka, leo la kulia, kesho la kushoto,
nyumbani wakasema, anarefuka huyu.
Koo lilipona likasahau.
Moyo uliandika.

Nami nikaandika. Daftari la kurasa tisini na sita,
jaladani: MCHANGO WA APONDI.
Nyangweso wa kinu, elfu moja.
Khavere wa mitumba, mia mbili, na sweta ya kuvalia wodini.
Akina mama wa omena, Kibuye, elfu kumi na mbili na mia tatu,
noti zikinuka ziwa.
Odeya, niliyekuwa na deni lake,
alilifuta, akaniambia niandike sufuri mbele ya jina.
Mtoto wa shule, jina limechujuka, shilingi kumi yenye jasho.
Mheshimiwa aliahidi.
Mstari wa thelathini na mbili bado ni wake, mweupe.
Pengo lililobaki, nalo lilikuwa pana,
likazibwa na shirika la wafadhili ambao sijawaona sura.
Barua yao iliomba picha ya mgonjwa.
Apondi akajibu: wangoje nisukwe kwanza.

Sasa usiku, jirani akizima redio, naisikia.
Tik.
Wiki ya kwanza niliamka mara tatu kutafuta saa.
Chuma hicho kifuani mwake hakinong'oni,
kinafunga mlango kila mara kana kwamba kuna mwizi.
Nikikosa usingizi nakihesabia majina:
tik, Nyangweso; tik, Khavere;
tik, yule wa shilingi kumi.
Moyo wa mke wangu una wenyewe zaidi ya mia.
Sina wivu.

Damu nayo ina masharti.
Ikikazwa itaziba, ikilegezwa itamwagika,
kwa hiyo kidonge ni saa mbili usiku, mvua inyeshe, taa zizimike,
na mboga hapikiwi kwa kubahatisha tena:
osuga kiganja kimoja, leo kama jana.
Mama mkwe anaona ni uchoyo.

Mwezi uliopita akaja Namalwa, mtafiti,
na mashine isiyozidi mkate kwa ukubwa.
Alikuwa akipima watoto katika shule ile ile
iliyomfunza Apondi kusoma. Apondi akaomba kwenda naye.
Watoto walipanga foleni, mashati yamefunuliwa,
wakicheka ubaridi wa ile jeli mbavuni.
Mmoja hakumaliza kucheka. Namalwa alirudia picha yake mara mbili,
akaandika nambari, si jina,
akamweleza bibi yake habari ya sindano:
kila siku ya ishirini na nane, miaka na miaka,
ili kilango kisije kikaharibika zaidi.
Mvulana akaanza kulia kwa ajili ya sindano.

Apondi akamvuta, akaegemeza sikio lake kifuani.
Kimya.
"Shangazi, umemeza saa?"
"Nimemeza daftari," akasema. "Lote, na jaladale."

Walinisimulia jioni, karakana ikiwa karibu kufungwa.
Mkononi nilikuwa na tyubu ya mteja, nimetoka kuiziba.
Nikaizamisha kwenye karai, nikaizungusha polepole.
Hakuna povu.
Nikaiacha majini kidogo zaidi.