Kupima Stesheni

Mwalimu Mwaipaja alituwashia projekta
ukutani, penye rangi iliyobanduka,
akatuonyesha majengo ya dunia:
lile la vioo lililopinda kama jani la mgomba,
lile la makombe meupe kando ya maji,
lile ambalo msanifu wake, alisema, aligombana na kona
maisha yake yote.
Tukaandika majina. Tukakosea herufi.
Nje, ukungu wa Juni ulikuwa umeumeza mlima Loleza
hadi kiunoni.

Akazima.
"Kila mmoja atafute jengo hapahapa Mbeya.
Alipime, alichore, aje aniambie linasema nini.
Sitaki kanisa. Sitaki benki.
Na wewe Gwakisa, sitaki nyumba ya mjomba wako."

Nikaenda Iyunga, stesheni ya TAZARA.
Nilikwisha kuingia mle mara nyingi:
mgongoni kwa mama, kisha na gunia la viazi,
kisha na homa na barua ya rufaa.
Shingo sikuwahi kuiinua.
Siku hiyo niliinua,
na paa likawa mbali kuliko nilivyolikumbuka utotoni,
jambo ambalo si kawaida ya mapaa.

Zege, nilidhani, halina kumbukumbu.
Nikasogeza uso kwenye nguzo:
mishipa ya mti, vifundo, mkwaruzo wa msumeno.
Mbao zilizolishika zege likiwa bado uji
zilikwisha kubanduliwa kabla sijazaliwa,
pengine zilichemshia mtu maharage,
lakini chapa yao ipo,
kama mkunjo wa shuka shavuni
mwa aliyeamka sasa hivi.

"Unapima nini?"
Mama Sekela, mwenye deki na ndoo ya bluu.
"Ukumbi, mama."
"Si ungeniuliza."
Mlangoni hadi dirisha la tiketi: mivuto sitini na miwili ya deki.
Vigae vilivyolegea: vinne, na cha tano kinafikiria.
Mvua ya Machi huingilia kona ile,
kwanza tone, kisha ndoo.
Na jua, saa tatu asubuhi, hufika benchi la tatu;
"hapo nawakalisha wenye watoto wachanga,
baridi ya huku unaijua."

Nikamuuliza kama anamjua aliyelichora.
Akakamua deki, taratibu.
"Simjui. Ila alijua treni itachelewa."

Nikaketi. Futi kamba ikajirudisha yenyewe mfukoni.
Watu kumi na mmoja, kuku ndani ya tenga,
askari aliyelala na kofia usoni.
Kikohozi cha mmoja kilipanda juu, kikazunguka,
kikashuka kimekuwa cha watu wengi.
Walijenga hivi, nikawaza, watu waliokuwa na hakika
kwamba kesho inakuja na mizigo mingi
na haitapenya mlango mdogo.
Sikujua niwacheke au niwaonee wivu.
Saa tatu na dakika saba
jua likafika benchi la tatu,
na msichana mwenye kanga ya njano, bila kuambiwa,
akamfunua mtoto uso.

Nilichora ramani, nikachora mkato.
Benchi nililikolezea penseli nyeusi
kuliko nguzo, kuliko paa.
"Linasema nini?" Mwalimu akauliza mbele ya wote.
Nikasema: linasema, kaa.
Wakacheka. Gwakisa ndiye aliyecheka zaidi,
yeye aliyepima kituo cha mafuta.

Sitini na nne kwa mia.
Pembeni, kwa wino mwekundu: *benchi si usanifu*.

Sikubishana. Pengine ni kweli.
Lakini Machi, usiku wa kwanza
mvua ilipolipiga bati la hosteli,
nilijikuta macho, gizani, nikihesabu
kwa ajili ya kona moja kule Iyunga:
tone,
tone,
kisha