Kipimo cha Nani

Ukutani mwa kibanda cha Fundi Mudasia, pale Mbale,
juu ya cherehani, pana kadibodi ya maandishi ya mkono:
NGUO IKISHAKATWA HAIRUDISHWI.
Niliisoma siku ya kwanza nikacheka.
Nani hurudisha nguo aliyopimiwa mwenyewe?

Alinizungushia futi kamba kifuani, kiunoni, nyongani,
penseli sikioni, akimwimbia mwanawe namba:
thelathini na nane. Thelathini na mbili. Arubaini na tatu.
Kijana akaandika kwenye daftari la mraba.
Nikajiona nimeingia kitabuni,
mama wa bwana harusi.

Elfu mbili na mia tano za kushona. Kitenge changu,
cha samawati, madoa yake kama viini vya mayai,
nilikinunua Luanda elfu moja mia nane
baada ya kuvutana bei hadi muuzaji akaketi chini.

Nguo ilikwama mabegani.
Tulivuta, mimi na dada yangu Kavere,
tukasikia uzi ukisema kra.
Fundi alinitazama toka kichwani hadi viatuni,
akatabasamu kama daktari mwenye habari mbaya:
"Mwalimu, umenenepa."

Na mimi, miaka ishirini na sita nikifundisha hesabu,
nikamwamini.
Wiki nzima nikalalia uji mwepesi.
Nikamwonea aibu kioo cha kabati
ambacho hakijawahi kunisema hata siku moja.
Harusini nilivaa gauni la mazishi ya shemeji.
Picha zipo. Msiniombe.

Kilichonifumbua macho ni kadi ya zahanati, ya presha.
Februari: kilo sabini na moja.
Aprili: sabini na moja.
Juni, sabini na moja.
Mwili wangu ulikuwa umesimama pale pale
ukingoja niutetee.

Jumamosi nikachukua rula ya mita ya darasa la saba,
ya mbao, imeguguna panya pembeni lakini namba zote zipo,
nikapanda bodaboda nimeishika wima kama mkuki.

"Fundi, lete futi kamba yako."
Tukailaza juu ya rula, sufuri kwa sufuri.
Rula ilipofika mia
futi kamba ilikuwa bado inasema tisini na sita.
Miaka ya viuno vya watu ilikuwa imeivuta
kama lastiki ya soksi.
"Na kitambaa, unakipimia nini?"
Akanyoosha mkono kwenye rula yake ya chuma. Haukufika.
"Basi ulinipima kwa uongo, ukanikata kwa ukweli."

Akaijaribu kadibodi. Aliionyesha kwa kidole kisicho na nguvu.
Nikamwambia: ishakatwa, sawa. Ishakatwa kwa kipimo cha nani?
Aliyekosea ndiye alipaye,
na hilo halitaki wakili, lataka haya tu.
Sitaki kiraka cha kwapani.
Sitaki kupunguziwa nguo ijayo.
Nataka pesa ya kushona na pesa ya kitenge.

Akaketi. Akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini:
kwaya ya Chavakali. Mzee Endovo na kaunda suti yake.
Yule binti wa mahafali, aliyelia hapa mlangoni.
"Wote niliwaambia wamenenepa."
Hakuwa akisema nami. Alikuwa akiiambia cherehani.

Pesa hakuwa nazo, nilijua.
Tukapatana mia tano kila Jumamosi, kwa simu.
Wiki ya nne zikaja mia tatu na neno moja, *subira*.
Wiki ya tano mia saba.
Nahesabu. Ndiyo kazi yangu.

Jana nilipita nyuma ya kibanda.
Ile futi kamba ameifungia mche wa nyanya kwenye kijiti,
inchi zake zimefifia kwa jua.
Nyanya zinanenepa vizuri
na hakuna anayezisema.