Alinunua

Mjukuu wangu Mohigul, daftari la sarufi magotini,
ameinua kalamu: "Babu, jina lako ni kitenzi."
Kweli. Sotiboldi. Alinunua.
Wenzangu darasani waliitwa Temur, yaani chuma,
na Arslon, yaani simba.
Mimi nikapewa shughuli ya sokoni.

Basi sikia.
Kabla yangu walikuwa watatu.
Wako kule mwisho wa shamba la pamba, chini ya mforsadi,
vilima vitatu vifupi kuliko mpini wa jembe.
Wa tatu aliwahi hata kucheka.

Mimi nilipolia, bibi hakuningojea jina.
Alinipitisha dirishani, theluji ikianguka,
hadi mikononi mwa jirani, Rohatoy,
mfuma hariri, ambaye hakuwahi kuzaa.
Akalipa ungo mmoja wa pumba za ngano.
Dirisha likafungwa.

Wanasema Kifo kilipita usiku uleule,
kikapapasa susu yetu: tupu.
Kikabisha kwa jirani. Huyu wa nani?
"Wangu," akasema Rohatoy. "Nimemlipia."
Hakikuwa na deni la kudai kwake. Kikaenda zake.

Asubuhi mama alikwenda kugonga mlango kama mteja,
na mkate wa moto wa tanuri na sarafu ya shaba.
Wakapatana bei.
Mama alisema jirani alikawia kunikabidhi:
alikuwa akihesabu ile sarafu moja,
akaihesabu tena.

Nilikuwa na miaka arobaini nilipobeba jeneza lake.
Sandukuni mwake, chini ya mabaki ya nyuzi,
tulikuta sarafu imefundikwa kitambaani
pamoja na kipande cha mkate kigumu kama kigae.
Hakuitumia. Hakuula.

"Sasa nani alinunua, Babu? Mama yako, au yule jirani?"

Jina halisemi, mwanangu.
Ujana wangu wote nilidhani ni mama,
wala sikuona swali.
Siku hizi, theluji ya kwanza ikidondoka Margilan,
nachukua ungo wa pumba mpaka kaburini kwa Rohatoy,
nawamwagia shomoro, nasimama kidogo,
miguu ikiniuma.

Andika: wakati uliopita, nafsi ya tatu.
Palipo na mtenda, usijaze.
Mwalimu akikukosoa, mwambie aje aniulize.