Bodi ya Herufi B

Prosesa ninayo tayari. Imelala kabatini
ndani ya kopo la maziwa ya unga, imefunikwa pamba.
Niliipokea alfajiri kwa kondakta wa basi la Dar,
akaniuliza, "Dogo, hii ni dawa?"
Kumbukumbu nimeing'oa kwenye maiti ya kompyuta
ya chama cha wakulima wa tumbaku.
Kilichobaki ni bodi. Ubao mama.
Na mfukoni nina laki na thelathini,
hela ya asali, ndoo moja kasoro chupa,
hela isiyojua kutanuka.

Duka la Masolwa liko Isevya, mlango wa bati.
Anatandaza tatu juu ya gazeti
kama muuza samaki anayejua kuwa utanusa.

Ya kwanza inawaka taa: nyekundu, zambarau, kijani,
imevaa mabati ya urembo mabegani
kama bwana harusi wa suti ya kukodi.
Lutonja ananong'ona, "Chukua hiyo.
Hata ukifungwa matano, utafungwa kwenye nuru."
Laki tatu na sabini.
Nairudisha taratibu, kama mtoto wa watu.

Ya pili ni saizi yangu, na chenji ya chipsi inabaki.
Herufi yake A. Masolwa anafundisha bila kuinua macho:
"A ni ya mwenye kiu ya leo.
X ni ya wenye nazo.
B ni ya mtu anayejibana lakini ana kesho."
Naigeuza A: nafasi mbili tu za kumbukumbu,
njia za umeme ziko uchi, hazina hata kibati cha kupoza,
na mimi naishi Tabora, na huu ni Oktoba,
hata kivuli kinatoka jasho.

Ya tatu ni B, ya mtumba.
Nafasi nne. Vibati viwili. Taa haina.
Kona imekwaruzwa, na mtu ameandika kwa kalamu: NZIMA,
neno ambalo kitu kizima hakilihitaji.
Laki na hamsini.

Nikamulika soketi kwa tochi ya simu,
tundu kwa tundu, kama natafuta chawa.
Nikatoka. Nikarudi. Nikatoka.
Mara ya tatu Masolwa akasema, "Acha redio yako hapa,
ishirini utaleta."

Nyumbani mama akavaa miwani.
Miaka kumi na tisa alikuwa stesheni, chumba cha wenzo,
akizigeuzia treni njia: hii Kigoma, hii Mwanza,
hii Mpanda, hii irudi pwani ilikotoka.
Akafuata kwa ukucha mistari ya shaba,
ikiachana, ikikaribiana, ikipishana bila kugusana.
"Kumbe ni Tabora," akasema.
"Hapa hakuna anayekaa. Vyote vinapita.
Sisi injini nzuri tuliletewa, mwanangu.
Tulichelewa kwa sababu ya pointi mbovu."
Kisha: "Na kwa nini inaitwa mama?"
Sikuwa na jibu lisilomhusu.

Jumapili tukawasha.
Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi.
Lutonja akaitazama NZIMA, akanitazama mimi.
Nikachomoa kijiti cha kumbukumbu,
nikakisugua meno kwa kifutio cha shule,
nikakikandamiza mpaka kikalia: ka!
Mlio mmoja. Mfupi.
Na jikoni mama, mikono imejaa unga,
akaitikia kwa sauti yake ya kazini:
"Njia wazi!"

Gemu bado.
Nafasi ndefu ya kadi ya picha iko tupu,
reli iliyofagiliwa, haina behewa.
Nadaiwa elfu ishirini Isevya,
na mizinga haijajaa.