Dakika Tatu

Tuliondoka Linton saa kumi na moja alfajiri,
nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
barabara nyeupe, mashamba meupe,
na Delbert Voeller kiti cha mbele, kofia magotini,
mkono wa kulia ameupakata
kana kwamba ni wa mtu aliyemwomba amshikie.

Miaka thelathini na minane alinadi ng'ombe.
Waliomjua wanasema koo lake halikuwa na kituo:
bei ilipanda, ikapinda, ikaruka boma,
na mnunuzi akijikuna pua tu, ameshauziwa fahali.
Oktoba, mezani, mbele ya supu,
kiharusi kikaja kikafunga mnada.
Tangu siku hiyo mkewe anaitwa "ile".
Anaitwa "ile", anaitwa "gari", siku moja "Jumanne".
Rosina huitika yote.

Mimi kazi yangu ni kurudisha maneno.
Sirudishi; nakaa naye mlangoni, tunayaita.
Mengine huja yamevaa nguo za wenzao.
Bima inatupa vikao ishirini kwa mwaka.
Ishirini! Kama vile ulimi, kwa kuwa hauna mfupa,
hauhitaji muda wa kuunga.

Bismarck, jengo la bunge, harufu ya makoti yanayokauka.
Marit Skogen, mpima masikio kutoka Minot,
alitangulia. Alisema juu ya vifaa vya kusikia
ambavyo bima huviita pambo,
na juu ya mtoto aliyefika miaka sita
akiwa hajui kwamba jina lake, Amos,
halikomei kwenye o.
Mwenyekiti akakinga kiganja sikioni: "Rudia?"
Akarudia.
"Rudia?"
Sikio la kufa, wanasema, halisikii dawa.
Marit methali hiyo haipendi.
Huuliza: nani alilipima kabla ya kulizika?

Kisha mimi, na karatasi yangu, na takwimu zangu.
Taa ya kijani, ya njano, nyekundu. Asante. Anayefuata.

Anayefuata akachechemea hadi kwenye kipaza sauti.
Wiki tatu tulifanya mazoezi ya sentensi moja:
Naomba muda zaidi.
Delbert akafungua kinywa.
"Na," akasema.
"Na. Na."
Hewa ikaingia, ikatoka, haikubeba kitu.
Taa ikawa ya njano. Karani akatazama kucha zake.
Nilitaka kumtamkia. Kazi yangu, saa nyingine,
ni kuukalia mkono wangu na kuuma mdomo.
Akapiga meza kwa kiganja cha kushoto, mara moja,
na kutoka huko chini, ambako kiharusi hakikufika,
kikapanda kile kitu cha zamani:

"Ishirini ninayo ishirini nani thelathini
thelathini nipe thelathini ishirini tu jamani
ishirini ya kwanza ishirini ya pili —"

Mtu alicheka, akaacha.
Seneta mmoja wa upande wa magharibi,
mfugaji, viganja kama koleo,
aliinua kidole kabla hajajijua.
Kisha akakitazama kidole chake.
Taa nyekundu. Hakuna aliyesema asante.

Mswada umeahirishwa hadi Alhamisi ya wiki ijayo,
na huenda ukaahirishwa tena;
makaratasi nayo yana majira yake ya baridi.
Garini Delbert alikuwa mwekundu shingo nzima,
kwa aibu au kwa raha, sikuuliza.
Karibu na Hazelton akanigusa bega.
"Thelathini," akasema, silabi kwa silabi,
bila mahadhi, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Nilihesabu kimoyomoyo: vikao tisa tumeshavitumia.
Cha leo bima haikijui, nami sitaiambia.
Kesho saa nne, cha kumi.
Rosina ameahidi kuja.
Tutaanza na R.