Hesabu ya Kiinua Mgongo

Walituita ukumbini Jumanne, ghorofa ya tisa,
maandazi ya bure, soda kwa kila kiti.
Hapo tu nikajua kuna msiba.
Mkurugenzi alisema "kwa hiari" mara kumi na moja.
Nilihesabu. Kuhesabu ndiyo kazi yangu,
miaka ishirini na sita, Idara ya Mishahara,
meza ya dirishani inayotazama reli
na mabati ya Muthurwa yakiwaka adhuhuri.

Watu mia nne na kumi.
Kwa kila mwaka wa utumishi, mishahara ya miezi mitatu,
juu yake nauli ya kusafirisha mizigo hadi kwenu,
hata kama kwenu ni Donholm,
na bima ya mwaka mzima, meno yakiwemo.
Chama cha wafanyakazi kilikuja na mabango,
kikasoma waraka,
kikayakunja mabango.

Na mimi ndiye niliyeachiwa kalamu.

Nikamwandikia Wekhuye wa karakana:
miaka thelathini na mmoja, vidole vinane.
Fomu haina safu ya vidole.
Nikamwandikia Nabwire wa chai,
aliyeijua sukari ya kila mtu, na deni la kila mtu.
Alipoona tarakimu akasema,
"Umekosea, baba. Ondoa sifuri moja."
Nikamhesabia tena, na tena,
kidole changu kikifuata mstari kama mtoto wa chekechea.
Akafuta mikono kwenye aproni, mikono iliyokuwa mikavu.
"Kumbe walikuwa nazo siku zote?"

Hilo nalo halikuwa na safu.

Kiinua mgongo: aliyelitunga neno hili
alijua vizuri kilichotangulia.

Ndugu yangu Mbuvi hushusha saruji Eneo la Viwanda.
Yeye aliachishwa kwa ujumbe wa simu:
*Kesho usije.* Maneno mawili, hata nukta hawakuweka.
Akasoma habari zetu kwenye gazeti lililofungia nyama,
akanipigia. "Nyinyi mnafukuzwa kama wafalme."
Hakuwa na wivu. Au alikuwa nao,
ameukunja vizuri kama shati la harusi.
Gazeti hilohilo, ukurasa wa sita, muuguzi mmoja
wa zamu ya usiku, miezi miwili bila mshahara,
aliuliza fedha hizi zimetoka mfuko gani.
Jibu ninalo, mama.
Mfuko ni wako.

Faili la mwisho lilikuwa langu.
Karani haruhusiwi kujihesabia,
kwa hiyo Jepkemei, msichana wa mafunzo,
alibonyeza mashine, mimi nikatazama treni.
Musembi Nguli, namba ya ajira 20617.
Milioni nne, laki moja, elfu kumi na mia sita.
Akalisoma taratibu, kama anayesoma jina la marehemu.
Sijawahi kulipwa vizuri hivi
kwa kufanya kazi.

Mke wangu kasikia Joska kuna ploti yenye maji.
Binamu ana wazo la kuku.
Mchungaji, ambaye kwa miaka aliniita "ndugu yetu pale nyuma,"
sasa ananitaja kwa majina yote matatu.
Mimi husema ndiyo, ndiyo, tutaona,
na usiku nagawanya: milioni nne kwa siku zilizobaki.
Hesabu inakataa. Ninajua cha kugawanya,
sijui kwa ngapi.

Jumatatu, saa mbili kasoro robo,
nimefunga tai, nimepiga viatu rangi,
nimeketi kwenye kochi, chai inapoa.
Nikapiga namba ya ofisi,
kisha mia nne kumi na mbili, meza yangu.
Ikaita.
Najua meza ile inavyotetemeka simu ikilia,
kalamu inavyobingirika hadi kwenye stapla.
Ikaita. Nje, mtu alikuwa akiuza mboga kwa sauti.
Ikaita tena.
Hakuna aliyeinua.
Nami sikukata.